Sifa ya "Haijaguswa" Inavyowaingiza Mkenge Wanunuzi wa Pikipiki

Mtu anayetafuta pikipiki iliyotumika, awe Kariakoo, Mwanza au Nakuru, hakawii kuisikia sentensi hii. Dalali anapangusa vumbi kwenye tangi kwa kiganja, anamsogelea mteja, anashusha sauti: "Kaka, injini hii haijaguswa." Hapo bei imeshapanda. Pikipiki iliyo pembeni yake, ambayo fundi aliwahi kuifungua, inauzwa kwa kujitetea, na mwenye nayo akiweza kuficha kwamba ilifunguliwa, ataficha.

Sifa hiyo ina maana kwa pikipiki ya miezi mitatu. Kwa pikipiki ya miaka saba au kumi, tena ya aina ambayo kila fundi mtaani anajua inaumwa wapi, injini isiyoguswa ni injini ambayo ugonjwa wake bado umo ndani. Aliyeitumia mwanzo ameshakula miaka yake mizuri. Anayeinunua ndiye atakayesukuma hadi gereji. Ajabu ya soko letu ni kwamba mzigo huo anaobebeshwa, anaulipia na nyongeza.

Magonjwa ya aina hii hayana siri. Kiwanda kikitoa injini ya aina moja kwa maelfu na maelfu, sehemu iliyobuniwa vibaya itaharibika kwa namna ileile, mahali palepale, kwa watu wasiojuana kabisa. Baada ya miaka michache mafundi wanautambua mlio kabla pikipiki haijazimwa. Hiyo ndiyo faida ya pikipiki ya zamani ambayo watu hawaihesabu: udhaifu wake umeshajitokeza, dawa imeshatafutwa, na mara nyingi spea iliyoboreshwa imeshafika dukani. Anayekimbilia toleo jipya kabisa ndiye anayefanyiwa majaribio.

Honda CX500 inaeleza jambo hili kuliko pikipiki nyingine yoyote. Iliingia sokoni mwaka 1978, na kwa wakati wake ilikuwa kioja: silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, injini ya 497 cc inayopozwa kwa maji, na shafti ya kuzungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni. Sura haikuwa na mvuto. Waingereza waliipachika jina la funza wa plastiki. Lakini matarishi wa London waliing'ang'ania. Katika miaka ya 1980 waliitumia kutwa nzima kupeleka barua na vifurushi, mvua inyeshe isinyeshe, kazi ambayo bodaboda wa leo angeitambua mara moja. Ikazoa kilomita nyingi mno, na ndiyo maana magonjwa yake yote yakajulikana.

La kwanza lilijitokeza mapema. Kifaa cha kukaza cheni ya taiming, ile inayozungusha kamshafti ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake, hakikuwa imara katika injini za mwanzo. Honda iliziita zirudi zirekebishwe, na injini iliyorekebishwa ikagongwa nukta tatu karibu na namba yake. Mpaka leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, mtu anayekwenda kununua CX500 ya matoleo ya kwanza anainama na tochi kuzitafuta nukta hizo. Akizikuta, anatoa fedha kwa moyo mweupe. Tazama tofauti: kiwanda chenyewe kiligonga alama kwenye chuma kuthibitisha kwamba injini imeguswa, na alama hiyo ikaipandisha thamani.

La pili liko nyuma ya injini. Pampu ya maji ya CX500 inazungushwa na ncha ya kamshafti, kwa hiyo maji na oili vinakaa majirani, vikitenganishwa na sili tu. Wahandisi waliacha tundu dogo chini ya kifuniko cha nyuma ili sili ikichoka, kinachovuja kidondoke nje kabla ya kuvuka upande wa pili. Ni tundu la kupita kijiti cha kiberiti. Anayelijua hulipapasa kwa kidole hata kabla ya kuuliza bei. Kidole kikitoka kikavu, mazungumzo yanaendelea. Kikitoka na maji ya rejeta, yale ya rangi na yenye kuteleza, sili ya pampu imekwisha. Kikitoka na oili, tatizo ni sili ya kamshafti. Na muuzaji anayeliziba kwa gundi ili pikipiki yake ionekane kavu, anayaelekeza maji yaingie kwenye oili, yaani anaiua injini ili aiuze.

Sili yenyewe ni kitu kidogo cha bei ndogo. Tatizo ni kuifikia. Kifuniko cha nyuma hakitoki injini ikiwa ndani ya fremu. Lazima injini nzima ishushwe chini. Nyuma ya kifuniko hichohicho ndiko iliko cheni ya taiming, pamoja na koili za kuzalisha umeme, ambazo zimelowa oili ya moto na huungua baada ya muda. Katika matoleo ya awali hata cheche ya plagi ilizitegemea koili hizo, hivyo zikifa na pikipiki inazima. Wamiliki wakajifunza haraka: ukiishusha injini kwa ajili ya kimoja, badilisha vyote vitatu. Kazi hiyo wakaipa jina la operesheni ya moyo.

Hapa ndipo gereji zetu nyingi zinapopoteza fedha za wateja. Gharama ya kutibu udhaifu unaojulikana iko kwenye kufungua, na spea ni sehemu ndogo ya bili. Mteja analeta hela ya kitu kimoja, fundi anafungua, anabadilisha kitu kimoja, anafunga. Mwezi unaofuata kifuniko kilekile kinafunguliwa tena, gasketi mpya inanunuliwa tena, ufundi unalipwa tena. Mteja anaondoka akisema injini hii ina mikosi. Haina mikosi yoyote. Ilifunguliwa mara mbili kwa kazi ya mara moja.

Mfano wa pili unatoka Marekani, na una kichekesho chake. Kawasaki KLR650 ilianza kuuzwa mwaka 1987 na ikaendelea bila mabadiliko makubwa ya injini hadi 2007. Ina silinda moja kubwa, 651 cc, na silinda moja ya ukubwa huo hutikisa mpaka meno yakagongana. Ili kuituliza, wahandisi waliweka ndani yake mizani mbili zinazozunguka, zikiendeshwa na cheni. Cheni hurefuka ikichakaa, basi kukawekwa mkono mdogo wa chuma wenye springi wa kuivuta. Kitabu cha pikipiki kikamwelekeza mwenye nayo: legeza bolti moja ndogo upande wa kushoto, springi ivute mkono, kisha kaza. Kazi ya dakika mbili.

Ule mkono ulikuwa ukikatika. Uliundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa, na maungio yakaachia. Springi nayo ilikuwa ikiishiwa nguvu ya kuvuta kabla cheni haijachakaa sana. Kwa hiyo mmiliki mwaminifu, aliyefuata kitabu neno kwa neno, alilegeza bolti, ndani hakukuwa na kilichovuta, akaikaza akiamini ameitunza pikipiki yake. Wakati mwingine cheni ilibaki imelegea kuliko mwanzo. Kwa walio na bahati mbaya zaidi, vipande vya chuma vilizunguka ndani ya injini vikitafuta cha kuharibu. Huwezi kuijua hali hiyo kwa kuangalia nje, na wala kwa kusikiliza kila mara. Inajulikana kwa kufungua tu.

Kiwanda kilichukua takriban miaka 20 kuubadilisha mkono huo. Wapanda KLR hawakusubiri. Warsha ndogo zikatengeneza mkono wa kipande kimoja, imara, kwa makumi machache ya dola, na habari zikaenea. Watu walikuwa wakikutana mwisho wa wiki kwenye gereji ya mmoja wao, wanafungua injini tano sita kwa siku moja, wanachangia vifaa. Mpaka leo tangazo la kuuza KLR ya zamani nchini Marekani likikosa kueleza kwamba kidude hicho kimebadilishwa, simu ya kwanza ya mnunuzi itauliza hilo. Muuzaji anayejibu "sijawahi kuifungua" anashushiwa bei papo hapo. Toleo la 2008 lilikuja na mkono ulioboreshwa, na wamiliki wengi wa pikipiki za 2008 na 2009 wakaanza kulalamika kwamba injini zinakula oili. Wale waliouza ya zamani ili wakimbie ugonjwa mmoja, waliupokea mwingine ambao ulikuwa bado haujapata mafundi.

Yapo magonjwa ambayo dawa yake haikupatikana kwa urahisi, na hapo mnunuzi hana budi kuwa mkali zaidi. Honda VF750, pikipiki za silinda nne za umbo la V zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zilipata sifa mbaya kwa kamshafti zilizoliwa mapema mno, hata wapanda pikipiki wa Uingereza wakasema zimetengenezwa kwa chokoleti. Honda ilijaribu marekebisho kadhaa, mabishano juu ya chanzo hayakuisha, na hatimaye mwaka 1986 ikaleta VFR750F yenye kamshafti zinazoendeshwa na gia badala ya cheni. Hapo jina likasafishika. Anayenunua VF ya zamani leo hahitaji maneno ya muuzaji. Anaomba kifuniko cha valvu kivuliwe, anaangalia kwa tochi kama migongo ya kamshafti ni laini au imechimbika vidonda. Muuzaji akikataa kukivua, mnunuzi avae helmeti yake aende.

Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa njia ambayo waendesha bodaboda wengi hawaijui. Katika miaka ya 1970 Honda iligundua kwamba katika nchi nyingi za joto na vumbi, pikipiki zake ndogo zilibebeshwa mizigo mizito, vichujio vya hewa havikufunguliwa, na oili ilimwagwa pale tu ilipokuwa lami. Injini zenye kamshafti juu na cheni ndefu ya taiming ziliteseka. Jibu lao likawa CG125, iliyotoka katikati ya miaka hiyo. Waliitoa cheni. Kamshafti wakaishusha chini, ikaendeshwa na gia, na valvu zikasukumwa kwa fito ndefu, muundo ambao wapenda mbio waliuona wa kizamani. Viwanda vya China vikaunakili, na injini ya ukoo huo ndiyo iliyokuja kwa wingi ndani ya pikipiki za bei nafuu, kwa majina ya kila namna kwenye tangi. Yule kijana aliyedharauliwa kwa kupanda "Mchina" alikuwa amekalia dawa iliyotungwa kwa ajili ya barabara kama zake.

Leo vijiwe vingi vimejaa pikipiki za Kihindi. Bajaj Boxer na TVS HLX zimepata heshima zao kwa haki, lakini kamshafti iko juu, na cheni imerudi. Bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anafikisha kilomita 30,000. Pikipiki ya miaka mitatu ya kazi hiyo ina kilomita 90,000. Ukiambiwa kwamba haijaguswa, uchague mojawapo: ama muuzaji anadanganya, ama cheni ya taiming iliyomo ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Mita ya kwenye dashibodi haitasaidia, kwa sababu kebo yake huwa imekatika siku nyingi.

Cheni hiyo husema mapema kwa anayeijua sauti yake. Injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, ubavuni mwa silinda kunasikika mchakacho wa chuma, mkavu, wa haraka, ambao hupungua oili ikishapanda. Mafundi wa zamani huweka ncha ya bisibisi kwenye silinda na mpini sikioni, wanasikiliza wamefumba macho. Kwa sababu hiyohiyo muuzaji mjanja huipasha moto pikipiki nusu saa kabla ya mteja kufika. Dawa yake ni kufika bila taarifa, na kabla ya kusema lolote zaidi ya salamu, kuigusa silinda kwa nyuma ya mkono. Ikiwa ya moto, mteja akanywe chai, arudi baadaye, aiwashe mwenyewe ikiwa imepoa. Bei ya cheni na vikazio vyake ni ndogo. Ikiachwa mpaka iruke jino, pistoni inakutana na valvu, valvu inapinda, na kichwa cha silinda kinaingia kwenye hesabu.

Kuhusu kula oili, jambo moja halisemwi vya kutosha. Injini nyingi za ukubwa huu zinabeba takribani lita moja tu, na lita hiyohiyo inalainisha pistoni, gia na klachi. Ikipotea robo lita, imepotea robo ya damu yote. Moshi wa bluu unaotoka pale tu injini inapowashwa, kisha ukakoma, mara nyingi unatokana na sili za valvu, kazi isiyo kubwa. Moshi unaoendelea wakati pikipiki inavuta mlima ni ringi na silinda. Njia ya haraka ya kuthibitisha ni kufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa katika sailensa na kuweka kiganja juu ya tundu: ukihisi pumzi nzito zinakisukuma kiganja, gesi ya mlipuko inapita pembeni ya ringi. Mtu akikutwa na hali hiyo asikimbie. Aulize bei ya ringi, pistoni na kuchonga silinda, aitoe kwenye bei ya pikipiki, aongeze na siku za kukaa bila kazi, kisha aone kama muuzaji bado anatabasamu.

Wanaoogopa injini iliyofunguliwa wana sababu zao, na si za kipuuzi. Wameona bolti zilizotafunwa na spana isiyo ya saizi yake. Wameona gasketi iliyokatwa kutoka kwenye boksi la katoni. Wameona silikoni iliyopakwa kwa ukarimu mpaka vipande vyake vikaanguka ndani na kuziba kichujio cha oili, injini ikafa kwa kiu huku oili ikiwa imejaa. Wameuziwa pistoni bandia yenye boksi zuri. Fundi mbaya ni ugonjwa mkubwa kuliko wowote uliotoka kiwandani, na sokoni mnunuzi hana namna rahisi ya kumtofautisha na mzuri. Ndipo watu wakakimbilia jibu fupi: bora isiguswe kabisa.

Jibu hilo linamwadhibu fundi mzuri sawa na mbaya. Mmiliki aliyepeleka pikipiki kwa fundi bora, akanunua spea halisi, anapata bei ndogo kuliko jirani yake ambaye hakufanya chochote. Basi naye safari ijayo hatafanya chochote. Soko linalofundisha watu kuuza kabla ya kutengeneza litajaa pikipiki zinazongoja kufa mikononi mwa mnunuzi, na hilo ndilo soko tulilonalo.

Maswali yenye faida ni mengine. Ilifunguliwa na nani? Kilibadilishwa nini? Na silinda sasa iko saizi gani? Hili la mwisho ndilo wengi hawaliulizi. Silinda ikichongwa, inawekewa pistoni kubwa zaidi, na pistoni hizo huja kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm, namba ikiwa imegongwa juu ya pistoni. Ndiyo maana muuza spea huuliza kwanza, standadi au ovasaizi? Injini iliyoko 0.25 ina maisha marefu mbele yake. Iliyofika 1.00 imefika ukingoni. Ikichoka tena inataka kuvishwa silinda nyingine. Hizi ni pikipiki mbili tofauti kabisa kwa thamani, lakini dalali anaziita zote kwa jina moja, "imefunguliwa". Mmiliki mwenye risiti, na aliyemwomba fundi amrudishie vitu vilivyotolewa akavihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, ana ushahidi ambao kiapo cha dalali hakiwezi kuufikia. Vichwa vya bolti navyo vinasema: vikiwa na kona zake zote, aliyezifungua alikuwa na spana sahihi, na huenda alikuwa na mengine sahihi pia.

Sheria haitamsaidia sana anayenunua kwa mtu binafsi. Sheria za mauzo ya bidhaa, Sura ya 31 nchini Kenya na Sura ya 214 Tanzania, zimerithi msingi wa Kiingereza: ulinzi kuhusu ubora unamwangukia zaidi muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, na mnunuzi aliyeikagua bidhaa halindwi dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuibaini. Kwa lugha ya mtaani, ukiiwasha ukasikia mchakacho ukanyamaza, mchakacho ni wako.

Hata kiwanda kikitangaza kuziita pikipiki zirudi, taarifa inamfuata aliyeandikishwa. Kwetu pikipiki hubadilisha mikono mara tatu huku kadi ikibaki na jina la mtu wa kwanza, ambaye huenda alishahamia mkoa mwingine. Watu wanaahirisha kubadilisha jina ili kukwepa gharama na usumbufu. Gharama nyingine ya uamuzi huo ni kwamba anayeiendesha hajulikani na yeyote anayeweza kumwonya.

Lakini mahali ambapo mazoea haya ya kutogusa injini yanauma zaidi ni kwenye pikipiki za mkataba. Utaratibu unajulikana: tajiri ananunua pikipiki, kijana anaiendesha na kuleta hesabu, na muda waliokubaliana ukiisha, pikipiki inakuwa ya kijana. Katika kipindi chote hicho hakuna anayetaka injini ifunguliwe. Tajiri anajua siku mbili za gereji ni siku mbili bila hesabu. Kijana anajua siku hizo atadaiwa. Wanakubaliana kimyakimya kuongeza oili na kusonga mbele. Siku ya kukabidhiana kadi, kijana anasherehekea kuwa mmiliki wa injini ambayo cheni yake, valvu zake na ringi zake zimefika mwisho kwa wakati mmoja. Tajiri amerudisha fedha zake zote na faida juu. Kwenye karatasi wamemalizana, ila bili ya kwanza ya mwenye mali mpya iko njiani.

Hapa marekebisho hayahitaji serikali. Mkataba wenyewe, ambao kwa kawaida ni ukurasa mmoja uliosainiwa mbele ya mashahidi, uongezwe mstari unaosema kwamba katikati ya muda pikipiki itafunguliwa, cheni ya taiming ibadilishwe na valvu zipimwe, spea kwa tajiri, ufundi kwa kijana, na siku za gereji zisidaiwe hesabu. Fundi aandike kwenye daftari la shule tarehe, kilichobadilishwa na saizi ya pistoni, na daftari likae chini ya siti. Tajiri atakayeona mstari huo ni mzito, kijana ameshajua ni mtu wa namna gani kabla ya kupokea funguo.

Vijiwe navyo tayari vina mwenyekiti, katibu na mfuko wa michango ya misiba na ajali. Wapanda KLR walichangia vifaa kwa sababu pula ya kuvutia magneti haina maana ikinunuliwa na mtu mmoja atakayeitumia mara moja. Kijiwe cha watu ishirini kina sababu kubwa zaidi ya kuwa nayo. Kingine cha kuanzia ni fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu. CG125 inataka 0.08 mm injini ikiwa baridi, na kwenye gereji nyingi za pembeni mwa barabara kipimo hicho bado kinakisiwa kwa kutikisa roka na kidole.